Tabasamu Lililonyamazisha Tarumbeta

Wiki iliyopita niliwaacha mkinitazama nimepiga magoti jukwaani, tarumbeta kwapani, napapasa sakafu kama mtu aliyeangusha pete. Lilikuwa dansi la mchana wa Jumapili, ukumbi umefurika, na jino langu la mbele lilikuwa limeruka katikati ya solo.

Kwa aliyenikuta njiani, nimfungulie mlango kidogo. Mimi ni mpiga tarumbeta wa bendi. Watu wananiita Upepo. Nilikua na meno mazima, lakini ya mbele yalikuwa na madoa ya kahawia, na bendi ilipoanza kualikwa kwenye televisheni nikaambiwa nisimame nyuma ya mpiga besi. Nikaona haya. Nikaenda kubandikwa maganda ya kaure juu ya meno sita ya mbele. Wajuzi huyaita vinia.

Miaka ya mwanzo nilicheka hadi na watu nisiowajua. Nikaoa mwanamke aliyenipenda nikicheka. Picha yangu ikawekwa kwenye matangazo ya bendi. Halafu fizi zikaanza kupanda, maji ya baridi yakawa yananipiga mpaka kisogoni, nikaanza kuficha mdomo ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Mke wangu akavumilia, akachoka, akafungasha akaenda kwa mdogo wake.

Hapo ndipo tulipofika. Turudi jukwaani.

Nililiona lile ganda. Lilikuwa karibu na nyaya za spika, jeupe, dogo kama ukucha. Nikanyoosha mkono. Kiatu cha mnenguaji wetu kikalitangulia. Lililia kama kokoto, likawa unga.

Nyuma yangu mpiga ngoma, tunayemwita Mzee Fimbo, akaona mambo yameharibika. Akashusha mvua ya ngoma kufunika kimya changu. Kiongozi wa bendi, Kepteni, akaidaka maiki.

"Upepo leo anaisalimia sakafu!"

Watu wakavunjika mbavu. Wakadhani nimeteleza. Nikainuka nimebana midomo, nikapunga mkono, nikatembea hadi nyuma ya pazia.

Kepteni alinifuata wimbo ulipokwisha.

"Fungua mdomo."

Nikafungua.

Akaangalia. Kepteni ni mtu wa maneno, akikosa neno ujue hali ni mbaya.

"Funga," akasema. "Usiongee na mtu yeyote. Pita mlango wa nyuma. Kesho uende kwa daktari."

"Na kipindi cha pili?"

"Tutajua wenyewe."

Nilipofika nje nikawasikia wameanza kipindi cha pili. Nilisimama kwenye mapipa ya taka nikisikiliza mahali pangu pa kuingia. Pakafika, pakapita. Hakuna aliyeingia. Wimbo uliendelea bila hata kuyumba.

*

Mkiishi wawili chumba kinakuwa kidogo. Akiondoka mmoja, kile kile kinakuwa uwanja. Nilikaa kitandani nikayatazama mabomba mawili ya kutundikia nguo, la mke wangu halina hata hanga.

Nilitaka kumpigia simu. Niseme nini? Kwamba jino limetoka? Huyo mwanamke hakuwahi kuniona na jino bovu. Hakuwahi kuona kitu. Nilikuwa napiga mswaki mlango umefungwa. Nilikuwa nakunywa chai ya vuguvugu namwambia nimezoea hivyo. Nilikula nimeupa ukuta uso.

Nikapiga. Akapokea mdogo wake.

"Shemeji, dada amelala."

"Saa hizi? Jua bado linawaka."

"Amechoka, shemeji."

Nyuma ya sauti yake nilimsikia mke wangu akiuliza, "Ni nani huyo?" Halafu simu ikakatika. Au ilikatwa. Sikupiga tena.

Nilichukua tarumbeta, nikaliweka mdomoni taratibu, nikapuliza kidogo tu. Pale palipokuwa pamefunikwa na ganda sasa palikuwa uchi. Upepo wangu mwenyewe ulipita pale kama sindano ya moto. Machozi yakanitoka bila huzuni, halafu yakaendelea na huzuni.

Kesho yake asubuhi jirani alinikuta bombani.

"Siku hizi husikiki. Unaumwa?"

"Nimepumzika," nikasema na kiganja mdomoni.

"Ah, afadhali," akasema, akabeba ndoo yake akaenda.

*

Daktari wa meno alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye mikono midogo. Sikwenda kwa yule aliyenibandika. Yule alishahama, na pale alipokuwa panauzwa simu.

Alinikagua. Akagonga jino moja moja na kitu cha chuma, akiuliza, "Hili? Na hili?" Alipofika la tano nikaruka. La sita sikusikia chochote.

"Hili la sita hulisikii kabisa?"

"Hapana. Hilo ndilo zima."

"Hilo ndilo lililokufa, kaka yangu."

Nikabaki mdomo wazi, na haukuwa mdomo wa mshangao peke yake. Alikuwa bado ameushika.

Akanikalisha vizuri, akavua glovu.

"Alipokuwekea haya alikueleza kwamba lazima asage jino kwanza?"

"Alisema atalisafisha uso."

"Alikusaga. Tena amekusaga sana. Jino lina gamba gumu la nje, ndilo linalolilinda. Lako karibu lote limeondoka. Likishaondoka halirudi. Si ukucha, si nywele."

"Lakini miaka yote hii yalikuwa sawa."

"Ndiyo. Haya hukaa miaka kumi, kumi na mitano, wengine na zaidi wakiyatunza. Halafu yanachoka. Fizi inapanda, ule mwisho wa ganda unabaki wazi, uchafu unapenya chini, jino linaanza kuoza na wewe hulioni kwa sababu juu ni peupe. Na wewe umekuwa ukiyagandamiza na chuma kila siku ya Mungu."

"Tarumbeta."

"Tarumbeta. Nani alikwambia yatakaa milele?"

Nikajaribu kukumbuka. Nilikumbuka kioo kikubwa, na watu wa pale wakinipigia makofi.

"Hakuna," nikasema. "Na mimi sikuuliza."

Aliguna. Hakunicheka.

"Sisemi ni kitu kibaya. Mimi mwenyewe nawawekea watu, na wengine kweli wanahitaji. Lakini ni ndoa. Ukiingia umeingia. Kila yatakapochoka utabadilisha, na kila ukibadilisha jino linapungua tena, mpaka siku moja hakuna cha kubandikia."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Una njia mbili. Kwa zote, haya yaliyobaki lazima yatoke, chini yake kumeoza. Na lililokufa tutalitibu mzizi. Njia ya kwanza, nikuvalishe kofia, zinafunika jino zima. Yatapendeza kuliko hata haya. Ila nitasaga kuzunguka pande zote, na tarumbeta uliage. Ukiendelea kulikandamiza hapo utarudi kwangu umeyashika mkononi."

"Na ya pili?"

"Sisagi tena. Nasafisha palipooza, naziba na dawa ya rangi ya jino, nakujengea kidogo kidogo. Hayatakuwa meupe namna hii. Yatashika rangi ya chai. Yatamomonyoka, utakuwa unakuja narekebisha. Kwenye picha hayatapendeza."

"Na tarumbeta?"

"Yakipona, ukianza taratibu, labda."

"Labda?"

"Nikikuhakikishia nitakuwa kama yule mwenzangu aliyehama."

*

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja mazoezini. Chumba chetu kiko nyuma ya duka la matairi, kuta zimebandikwa trei za mayai ili kelele zisitoke. Nilijua wimbo gani unapigwa kabla sijafungua mlango. Ulikuwa wangu, ule unaoanza na tarumbeta peke yake.

Na tarumbeta lilikuwa linasikika.

Nikafungua. Hakukuwa na mtu kwenye kiti changu. Mpiga kinanda alikuwa amebonyeza kitufe, vidole vyake vinatoa sauti yangu. Haikuwa na pumzi, haikukwaruza, haikuchelewa. Safi kama maji ya chupa.

Alipogundua nimeingia akaacha. Kila mtu akaanza kutafuta kitu cha kufanya. Mpiga besi akafungua begi akalifunga.

Kepteni akanishika bega, akanitoa nje kati ya matairi.

"Daktari kasemaje?"

Nikamwambia kofia. Nikamwambia dawa. Aliposikia kofia akatabasamu.

"Basi imekwisha. Kofia. Gharama juu yangu."

"Kepteni, hukunisikia. Nikivaa kofia sipulizi tena."

"Nimekusikia vizuri sana." Akapunguza sauti. "Upepo, wewe ndiye uso wa bendi. Wiki hii tunapiga picha mpya za matangazo. Mtu aliyeko kule nyuma ya ukumbi hajui kama unapuliza au hupulizi. Anachosubiri ni wewe utoe tarumbeta mdomoni ucheke. Basi utalishika, utalipandisha, utacheka. Kinanda kitamaliza kazi."

Nilimwangalia nikidhani anatania.

"Unataka nisimame pale bure?"

"Si bure. Mshahara wako hauguswi. Nani mwingine angekubeba hivi? Mimi nilikuchukua ukiwa unapuliza kwenye sherehe za watu unalipwa chakula."

Alisema kweli. Ndiyo iliyoniuma. Kepteni si mtu mbaya. Nilipofiwa na mama yeye ndiye aliyelibeba jeneza upande wa mbele.

"Nakuwekea ahadi na daktari Ijumaa," akasema. "Nitakuja na mpiga picha tukuone ukitoka."

Nilipoondoka Mzee Fimbo alinifuata hadi barabarani, fimbo zake zimechomekwa mfuko wa nyuma.

"Amekwambia?"

"Amenambia."

"Utakubali?"

"Nile nini nisipokubali?"

Akatema mate pembeni.

"Mimi mgongo wangu umekwisha. Nikishuka jukwaani nashikwa mkono kama bibi harusi. Lakini ninapopiga, napiga. Wewe utasimama pale kama sanamu ya duka la nguo."

"Sanamu haiumwi meno, mzee."

Alitaka kucheka, akaona sicheki. Tukasimama. Kwa miaka yote tumekaa nyuma na mbele jukwaani, yeye akiuona mgongo wangu na mimi nikiisikia mikono yake, na sasa tumesimama uso kwa uso hatuna cha kuzungumza.

"Umemwambia mkeo?" akauliza.

"Amelala," nikasema.

*

Siku zilizofuata nilipika viazi nikaviponda, nikala nimesimama. Nilikuwa naondoka kwenye kioo cha chooni, narudi. Nikajiuliza: hizi kofia zikichoka nitakuwa na umri aliokuwa nao baba yangu alipostaafu. Zitakazofuata, kama patabaki mahali pa kuzivalisha, nitakuwa mzee wa kushikwa mkono. Na siku hizo nani atanishika?

Halafu nageuza shilingi upande wa pili. Nijazwe dawa, niwe na meno ya rangi ya chai, nirudi nyuma ya mpiga besi. Tena bila uhakika. Labda ya daktari. Nani anamwajiri mtu kwa labda?

Kilichonichosha si maamuzi. Ni kuamua bila mtu wa kumwambia, "Eti wewe unaonaje?" Nilifikia mahali nikamuuliza jirani, kwa mbali, kama habari ya mtu mwingine.

"Huyo rafiki yako ana mke?" akauliza.

"Anaye."

"Basi mkewe ndiye anayemwangalia kila siku. Amuulize huyo."

Alhamisi nikapiga moyo konde, nikapiga simu. Akapokea shemeji.

"Dada hayupo. Ametoka kushughulikia mambo yake."

"Mambo gani?"

"Shemeji, na mimi nisitiri. Ameniambia wiki hii usimtafute. Kesho ana jambo, likishaisha atakupigia mwenyewe."

"Jambo na nani?"

Nikamsikia akifunga mlango.

"Kuna mtu?" nikauliza.

"Jamani, shemeji," akasema, na sauti yake ilikuwa ya huruma. Huruma ile ilinimaliza. Niliweka simu chini nikajua mke wangu ameshapata wa kucheka naye.

Basi nikakata shauri. Nivae kofia. Kama hakuna wa kuongea naye, mdomo wa nini? Nibaki na wa kuonyesha.

*

Ijumaa daktari alinichoma ganzi, mdomo wa juu ukawa mzito kama umeazimwa. Akayatoa maganda moja baada ya jingine. Nilisikia mlio, sikusikia maumivu. Harufu ya vumbi la meno ilijaa puani.

Alipomaliza kusafisha akachukua kioo cha mkononi.

"Kabla sijaanza kusaga kwa ajili ya kofia nataka uone. Wengi hawataki. Lakini ni yako."

Nikaangalia.

Sikuyajua. Yale meno yangu ya madoa niliyoyakimbia ujanani, yale yalikuwa meno. Haya yalikuwa vijiti vya manjano, vifupi, vimeachana, kimoja kimekuwa cheusi. Kama meno ya mtoto aliyezeeka usiku mmoja.

"Bado unataka kofia?" akauliza.

Nikatikisa kichwa. Hata mimi sikujua nimesema ndiyo au hapana.

Naye hakujua. Akanipa kitambaa cha karatasi.

"Kakae nje. Nina mgonjwa mmoja, tunaanza naye leo. Nikishamwandaa nitakuita, na ukiingia uje na neno moja. Usije na kichwa."

Nikatoka nimefunika mdomo kwa kitambaa. Chumba cha kusubiria kina viti vya plastiki, televisheni isiyo na sauti, na tangi la samaki asiyekuwepo. Kulikuwa na mtu mmoja tu, amefungwa kile kitambaa cha kifuani kama mtoto anayelishwa, mkoba ameukumbatia.

Alikuwa mke wangu.

Tulitazamana. Yeye akasimama nusu, akakaa.

"Wewe unafanya nini hapa?" akauliza.

"Na wewe?"

Sauti yangu ilitoka kwenye kitambaa imepotoka, ganzi imeila nusu. Akadhani nina hasira.

"Nilimwambia mdogo wangu asikwambie. Nilitaka iishe kwanza."

"Ndilo jambo lenyewe hili?"

"Ndilo."

"Hakuna mtu?"

"Mtu gani?" Akaniangalia kama aliyeamshwa. "Mtu gani, baba? Nimekuja kuwekewa kama ya kwako."

Nikakaa kiti cha pili kutoka kwake.

"Kwa nini?"

Akawa anakunjakunja mkanda wa mkoba.

"Ulianza kugeukia ukutani ukila," akasema. "Nikiongea na wewe unaangalia pembeni. Nikikusogelea unafunga mdomo. Nikajua. Mimi nashinda saluni mbele ya kioo siku nzima, najiona. Hili chonge langu limepanda juu ya mwenzake, nikicheka linatangulia. Wewe una meno ya kwenye matangazo. Nikasema huyu ameshindwa kunitazama, ila anaona aibu kusema."

Nilitaka kuongea. Mdomo haukunitii.

"Daktari amenieleza," akaendelea, upesi upesi, kama anajitetea. "Ameniambia wanasaga, hayarudi, baada ya miaka yanasumbua. Nikamwambia mimi nimeishi na mtu mwenye nayo. Sijawahi kumsikia akilalamika hata siku moja."

Hata siku moja. Nilijikaza kisabuni miaka yote ile nikidhani namlinda.

"Chonge lako," nikasema, polepole ili lisikike, "nilikuwa nalipenda."

"Ulikuwa hata hulitazami."

"Nilikuwa naficha ya kwangu."

"Ya kwako? Ya kwako ni mazuri."

Nikaondoa kitambaa.

Hakupiga kelele. Niliogopa atafunika uso, hakufunika. Alihamia kiti kilichokuwa katikati yetu, akainamisha kichwa kama anavyofanya akikagua nywele za mteja zilizoungua na dawa. Mkono wake ukanyanyuka, ukasimama hewani karibu na shavu langu.

"Haya ndiyo ya chini?"

"Ndiyo yaliyobaki."

"Yalikuwa hivi ulipokwenda kubandikwa?"

"Yalikuwa mazima," nikasema. "Yalikuwa na madoa tu."

Nikamweleza, kwa ulimi ule mzito, maji ya vuguvugu, mlango uliofungwa nikipiga mswaki, jino lililokufa, jino lililoruka Jumapili. Yeye alikuwa amesikia nimeteleza. Nilimweleza kidogo tu, lakini yalikuwa mengi kuliko yote niliyomwambia mwaka mzima.

"Na uliyabeba haya yote ukiwa kitanda kimoja na mimi," akasema. Hakuwa ananiuliza.

Mlango wa daktari ukafunguliwa. Muuguzi akachungulia.

"Mama, zamu yako. Karibu."

Mke wangu hakusimama.

"Na wewe?" akaniuliza. "Ukirudi humo ndani unafanyiwa nini?"

Nikamweleza habari ya Kepteni. Kofia, picha, kinanda, kusimama na kucheka.

"Kwa hiyo wanakusaga tena."

"Bado sijasema."

"Na mimi, unataka nisisagwe?"

"Nakuomba. Nakusihi."

"Basi sikiliza." Akafungua kifundo cha kile kitambaa cha kifuani, lakini hakukivua, alikishika tu ncha mbili shingoni. "Ukiingia humo ukavaa zako ili ukapendeze kwa watu, na mimi naingia. Siwezi kukaa nyumba moja na picha, halafu mimi ndiye nionekane mbovu."

"Nitakula nini?" nikasema. "Tutakula nini?"

"Sijui," akasema. "Lakini nijibu."

"Mama?" Muuguzi aliita tena. "Daktari anasubiri."

Nikafungua mdomo nimjibu. Ndipo mlango wa kioo nyuma yangu uliposukumwa. Sauti ikaingia kabla ya mwenyewe, na nyuma yake nikasikia kamera inafunguliwa kifuniko.

"Upepo wangu!" Alikuwa Kepteni, amechangamka, hana hili wala lile. "Wamekumaliza? Hebu geuka basi, ucheke tuone."

Mke wangu hakuondoa macho usoni pangu. Ncha mbili za kitambaa bado zilikuwa mikononi mwake.

Nikageuka, mdomo wangu ukiwa bado wazi.